Mwanangu na Maziwa ya Unga

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikipiga kelele na mpaka leo sijamaliza. Lakini mtu asije akanambia mdomo haufai kitu. Kifungua mimba wangu yuko hai, ana watoto wake, ana kitambi chake, na kama ningekuwa mwanamke wa "ndiyo bwana, sawa bibi", leo ningekuwa namsomea dua.

Tulikuwa Palma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, miaka ile ya mwanzo baada ya Wareno kuondoka. Bendera mpya, nyimbo mpya, mikutano kila wiki. Maduka ya wafanyabiashara yalikuwa yamefungwa, limebaki duka la wananchi, na dukani kwenyewe mara nyingi kuna muuzaji na kaunta tu. Ukitaka sabuni, bicha. Ukitaka sukari, bicha. Bicha ndiyo foleni yetu sisi, tumeachiwa neno hilo na Mreno. Ukichoka kusimama unaweka jiwe lako mstarini, jiwe linakushikia nafasi, wewe unakwenda kuinjika chungu. Na ole wake atakayesogeza jiwe la mwenzake.

Mimi nilikuwa mshonaji kwenye kooperativa, yaani ushirika wa kina mama. Tulishona sare za wanafunzi na bendera, bendera nyingi mno. Watoto wetu wadogo walilelewa nyumba ya jirani, kwenye kreshi, nasi tulikuwa tunaipenda ile kreshi kwa sababu mama zetu hawakuwa nayo. Walikuwa wanaimba, wanalala pamoja mkekani, na asubuhi jua likishapanda wanapewa kila mmoja kikombe cha maziwa ya unga. Yalikuja kwa mifuko mikubwa kutoka nchi rafiki. Nchi gani hasa sikuwahi kujua, mifuko iliandikwa herufi ambazo hata mwalimu hakuzisoma.

Sasa, mtu wa mbali huenda asijue maziwa yalikuwa kitu gani kwetu. Palma hakuna ng'ombe. Mbung'o hawaachi ng'ombe akaishi. Maziwa ni ya kopo au ya mfuko, na wakati ule kopo la maziwa lilikuwa linafichwa sandukuni pamoja na sanda. Mtu alikuwa anakutolea kijiko kimoja cha maziwa kama anavyokutolea pole msibani, na ukikataa umemtukana.

Mwanangu alikuwa anashika ukuta kujifunza kutembea nilipojua nina mimba nyingine. Furaha ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Lakini na aibu ilikuwepo. Kwetu mama mwenye mimba hanyonyeshi, maziwa yake yanahesabiwa yameharibika. Na mtoto aliye ziwani akikonda mama yake akiwa mjamzito, watu hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa. Maana yake baba na mama hawakuvumilia, wakakutana mapema, na joto lao likamkausha mtoto. Dawa wanaijua wote: aachishwe ziwa, aogeshwe mizizi, alishwe maziwa ya ng'ombe mpaka anenepe. Basi nikamwachisha. Akalia, nikalia na mimi, halafu nikampeleka kreshi akanywe maziwa ya nchi rafiki kama wenzake.

Wiki ile ile mambo yakaanza. Alitapika, tukasema tumbo halijazoea. Akatoka vipele, vinene, vyekundu, vinahama kutoka shingoni kwenda tumboni kama vina miguu. Akaharisha, na siku moja nikaona damu kwenye nepi. Kifua kikawa kinalia filimbi. Mtoto aliyekuwa na mapaja ya kukunjana akabaki macho na masikio. Nikimbeba nasikia mifupa yake kwenye mkono wangu, na roho ilikuwa inaniuma kila nikimvua nguo.

Kina mama wa bicha waliona kabla sijasema. Unasikia tu nyuma ya mgongo wako, sauti ya chini lakini imepimwa uisikie: "Maskini, kabemendwa yule." Mwingine: "Vijana wa siku hizi, hawana subira." Nikigeuka, wote wanaangalia mawe yao. Nilikuwa najibu. "Semeni kwa sauti, mawe hayana masikio!" Wanacheka. Lakini nikifika nyumbani silali vizuri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilianza kujiuliza kama kweli nimemuua mwanangu kwa kumpenda baba yake.

Nikampeleka kituo cha afya. Nesi alikuwa kijana aliyeletwa kutoka kusini kabisa, safi, mpole, Kiswahili chake kinaishia "habari" na "fungua mdomo". Mimi Kireno changu kilikuwa cha darasa la kisomo, kimeishia kwenye "kamarada" na majina ya mboga. Akampima, akabonyeza miguu, akatikisa kichwa. "Utapiamlo," akasema, mlinzi wa kituo akinitafsiria. "Maziwa zaidi, kamarada mama. Maziwa zaidi." Akaagiza kreshi wampe vikombe viwili badala ya kimoja. Mimi nikamshukuru, nikamwombea dua yeye na mama yake huko alikomzaa. Kina mama wenzangu wakaona wivu.

Vikombe viwili! Haki ya Mungu, nikikumbuka nasikia baridi.

Kilichotuokoa ni uhaba. Maziwa yalikatika. Wengine walisema meli haikufika bandari ya Mocímboa, wengine walisema imefika ila lori limekwama njiani, na mvua ilikuwa imeharibu barabara hata kufika Mute, kijiji cha hapo jirani, ilikuwa kazi. Kreshi wakawa wanawapa watoto uji mkavu wa muhogo. Kina mama walilalamika, mji mzima ulilalamika. Na mwanangu, kwa uji ule ule wa muhogo usio na kitu, akaanza kucheka. Vipele vikafutika. Filimbi ikanyamaza. Akarudi kushika ukuta, akauachia, akatembea kutoka kwa baba yake mpaka kwangu. Mume wangu, ambaye ni karani wa utawala na mtu wa maneno machache, alipiga makofi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Halafu lori likaja. Watoto wa kreshi wakaimba wimbo wa kulipokea. Asubuhi yake mwanangu akapewa kikombe, na sikuwa nimemaliza kushona kola moja nikaitwa. Nikamkuta amevimba midomo, vipele mpaka kwenye vigasha, anapumua kwa shida, na kikombe bado kiko nusu.

Mimi si daktari. Lakini mshonaji anajua: uzi ukikatika kila ukipita pale pale, usiulaumu uzi, tazama sindano. Nilichukua kile kikombe, nikakimwaga uani mbele ya mlezi wa watoto, na yule mama alishika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba nimemwaga damu ya mtu. "Huyu hanywi tena," nikamwambia. "Hata akilia, hata nesi akisema, hata mimi nikirudi hapa nimepungukiwa akili nikakwambia mpe, usimpe." Akasema, "Sasa atakula nini?" Swali zuri. Hilo ndilo lililonihangaisha miezi.

Watu wanadhani ukitoa maziwa unaweka tui basi. Na mimi nilidhani hivyo. Nazi kwetu zimejaa, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna, nikakamua kwenye kifumbu, nikampa lile tui la kwanza, zito, nikijiona mjanja. Akaharisha siku nzima. Nikaelewa kwamba tumbo lililoumia halibebi mafuta. Nikarudi kwenye tui la pili, lile jepesi la kuongezea maji, nikapikia uji wa mtama. Hilo likakaa.

Nikajiwekea utaratibu wangu. Kitu kipya kinapakwa kwanza kwenye mdomo wa chini, kwa ncha ya kidole. Tunangoja mpaka kesho. Pasipotokea kitu, nusu kijiko. Tunangoja tena. Karanga niliziogopa, lakini zilipita. Kunde zikapita, nikizimenya ganda moja moja. Dagaa nilikuwa nawakausha tena juu ya bati la jiko, nawatwanga mpaka wanakuwa vumbi, nawachekecha kwa kitambaa cha sare, halafu natia kwenye uji. Meno yake yalitoka meupe na imara kwa dagaa wale. Matapa, majani ya muhogo yale tunayotwanga na kupika na karanga, alikuwa anayala mpaka anapaka kwenye nywele. Mume wangu alikuwa anamtazama anasema, "Huyu ni mwananchi wa kweli. Hataki kitu cha kutoka nje." Yeye ndiye mtu pekee aliyeniamini tangu siku ya kwanza, na nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo, bicha waseme watakavyo.

Tatizo likabaki kreshi. Wenzake wanakunywa kitu cheupe kwenye vikombe, yeye ana bakuli la uji wa rangi ya udongo. Analia, ananyang'anya. Mara mbili alikaribia kufika kwenye kikombe cha mwenzake, mlezi akamwahi. Nikaona hapa pana hatari. Nikafikiri nikiwa kwenye cherehani, na fikra ikaja: anacholilia si maziwa, analilia weupe. Basi nikachukua ubuyu, nikauloweka, nikautikisa mpaka unga wote ukaachia mbegu, nikachuja, nikachanganya na tui jepesi na tone la asali. Kikatoka cheupe pee! Kizito kidogo, kina uchachu wa kupendeza. Nikatia kwenye kikombe cha bati kama vya wenzake, akanywa, akajifuta kwa mkono kama mtu mzima. Kisha watoto wengine wakaanza kukataa ya nchi rafiki wakitaka ya kwake. Nilicheka peke yangu njiani kurudi kazini. Nilijiona nimemaliza kazi.

Akanenepa. Lakini baada ya wiki kadhaa, vipele vikarudi. Si kila siku. Leo hana, keshokutwa anavyo. Kreshi wameapa hawajampa. Nilipekua uji, nilibadilisha nazi, nilibadilisha mtama. Mwisho nikaona alama kwenye pembe ya mdomo wake, jioni, aliporudishwa na binti wa jirani: utando mweupe umekauka. Nikaonja. Utamu wa kopo.

Kwetu mtoto ni wa nyumba zote. Akipita barazani kwako unamtia kitu mdomoni, huo ndio utu wenyewe. Na huyu alikuwa mtoto aliyekuwa anakufa, kila mtu alimwonea huruma. Basi kila nyumba iliyokuwa na kopo ilimwekea kijiko chake. Nyumba hii leo, nyumba ile kesho, bila kuambiana. Walikuwa wanajinyima wao na watoto wao ili wamsaidie wangu, na walikuwa wananiulia mtoto kwa mapenzi.

Nilikwenda mlango kwa mlango, tumbo mbele. Nilianza kwa upole. "Dada yangu, nakushukuru, ila mwanangu maziwa yanamdhuru." Wananitazama kwa macho ya kunihurumia. "Sawa, mama, tumesikia." Mmoja, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, aliamua kunipa ukweli wake. "Mwanangu, nisikilize. Maziwa hayajawahi kumdhuru mtoto. Wewe unajua ulichofanya, na sisi tunajua. Usimnyime mtoto dawa ili kuficha aibu yako. Na mbona kreshi anakunywa? Tumemwona kwa macho yetu, kikombe cheupe."

Ndipo nikaona werevu wangu umenigeukia. Nilimwambia ule ni ubuyu. Akacheka, akanipigapiga begani. "Ubuyu," akasema. "Haya, ubuyu."

Hapo hasira zilinipanda nikasema ambayo hayaandikiki. Sikuwaomba radhi, na sijui kama nilipaswa. Kuanzia siku hiyo nilimfunga mwanangu mgongoni nikiwa nashona, kanga nimeifungia juu ya tumbo kubwa, mgongo unaniuma, na nikimwona mtu anakuja na kijiko ninanyanyua mkasi. Watu wakasema nimerukwa na akili. Waseme.

Nilipokaribia kujifungua, mama wa mume wangu alikuja kutoka Mute. Mavyaa wangu alikuwa mkulima, mrefu, mgumu, mwenye mikono ya jembe. Nilikuwa namheshimu na namwogopa kidogo, na si wengi niliowaogopa. Alikuja na muhogo, na kuku, na kilichofungwa kwenye pindo la kanga: kopo la maziwa mazito. Alikuwa amelipata kwa kutoa kuku wake wa mayai, wale wanaotaga kila siku. Kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza.

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa adabu, nimepiga magoti ninampa maji ya kunywa. "Mama, mtoto hanywi maziwa. Hata kidogo. Yanamfunga pumzi." Akaitika, "Ee." Akaliweka kopo lake darini. Niliona uso wake umefunga, nikadhani amechoka na safari.

Siku ya pili nilikuwa uani nafua, yeye ndani na mtoto. Nilikuwa nimeacha kikombe cha ubuyu mezani, kwa ajili ya saa nne. Yeye akampa, mtoto akanywa kwa furaha. Na mavyaa akaona kitu cheupe. Akasema moyoni mwake, hayo alinieleza baadaye: kumbe anakunywa. Kumbe ya kwao ya mjini anakunywa, ni ya kwangu ndiyo mabaya, ni mimi mama wa shamba ndiye nisiyefaa. Akapanda, akalishusha kopo, akalitoboa kwa kisu. Akampa vijiko vya kushiba.

Nilisikia kikombe kinaanguka. Kisha nikasikia kimya, na kimya cha mtoto ndicho kinachomtisha mama. Niliingia nikamkuta mapajani mwa bibi yake, uso umevimba hata macho hayaonekani, midomo inakuwa ya buluu, kifua kinavutwa ndani na hakuna kitu kinachoingia. Kopo liko pembeni. Sikuuliza. Nilimpokonya. "Usimguse!" nilimpigia kelele mama wa mume wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumtazama machoni. "Usimguse mwanangu tena!"

Nikakimbia. Mjamzito wa mwezi wake, kanga imefunguka, viatu sina, jua la saa nne linachoma, nampigapiga mtoto mgongoni, namwita. Watu walisimama barazani. Hakuna aliyesema kabemendwa siku hiyo. Mwanamume mmoja aliniwahi na baiskeli, akampakata mtoto mkono mmoja akakanyaga, mimi nyuma. Nilipofika kituo nesi alikuwa ameshamdunga sindano pajani na amemwekea kichwa nyuma. Tukakaa tunamtazama. Kifua kikavuta. Kikavuta tena. Kisha mwanangu akalia, sauti mbovu, ya kukwaruza, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Nesi akaniuliza amekula nini. "Leite," nikamwambia. Ndiyo maziwa kwa Kireno, neno hilo nilikuwa nimeshajifunza. Akasema polepole, kwa Kiswahili chake kidogo: "Hapana maziwa. Hapana kabisa." Nikamwambia, "Alhamdulillahi, karibu kwenye bicha." Hakuelewa, lakini akacheka. Alinambia pia, na hili mume wangu alinitafsiria alipokuja jioni, kwamba safari nyingine sindano inaweza isiwepo. Ile ilikuwa ya mwisho kabatini.

Safari nyingine sindano inaweza isiwepo. Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mavyaa alikuwa amekaa ukumbini, hajapika, hajala. Sikumsemesha. Nilimfunga mtoto mgongoni na kila bibi yake akinyoosha mkono nilikuwa napita upande mwingine. Hakulalamika. Alikuwa anafagia uwanja, anachota maji, anakaa.

Mkutano wa mtaa ulikuwa Jumapili, kwenye ghala la zamani la mbata, baada ya usafi. Nilikwenda na mtoto mgongoni. Mavyaa akaja nyuma yangu, mbali kidogo. Mwenyekiti akafungua kama kawaida, "Viva wafanyakazi na wakulima!" tukaitika, "Viva!" "Abaixo uvivu!", yaani uvivu uanguke. "Abaixo!" Akazungumza juu ya kulima kwa pamoja, juu ya kutegemea nguvu zetu wenyewe. Alipouliza kama kuna jambo jingine, nikasimama.

Nikawaambia bila kuzunguka. Mwanangu maziwa ni sumu kwake. Juzi mlimwona. Naomba kila nyumba iape hapa haitampa hata tone, kwa sababu dawa hospitali imekwisha.

Mwenyekiti akakunja uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye woga wa wakubwa. "Kamarada, angalia maneno yako. Yale maziwa ni zawadi ya nchi rafiki. Unasema nchi rafiki zinatuletea sumu?"

"Nchi rafiki haimjui mwanangu," nikamjibu. "Ni maziwa mazuri, wengine wote wanenepe nayo. Huyu mmoja hayamfai. Kila wiki unatwambia tutegemee nguvu zetu. Basi mwanangu ametangulia, anakula mtama na dagaa na nazi za hapa hapa. Nyinyi mfuateni."

Watu wakacheka, na mwenyekiti naye akashindwa, akacheka. Nikadhani nimeshinda. Lakini kutoka upande wa wanawake, nyuma, sauti ikasema, wala haikuwa na ukali, ndiyo maana iliuma zaidi: "Mwacheni. Mtu akishabemenda mtoto lazima atafute cha kusingizia." Na kicheko kikageuka. Nikaona vichwa vinaitika, kimoja, kingine. Nikaona kabisa kwamba wataapa kwa mdomo, na kesho watampa kijiko kwa huruma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifungua mdomo kisitoke kitu.

Mavyaa akasimama.

Wazee wa kike wa upande wake hawasemi kwenye mkutano wenye wakwe na wanaume wageni. Hata mume wangu aligeuka kumtazama. Aliweka kanga yake vizuri kichwani, akasubiri mpaka ghala likanyamaza.

"Mimi ni bibi wa huyu mtoto," akasema. "Na mimi nilisema hayo mnayosema. Nikiwa kwangu nilisema mke wa mwanangu hana subira. Nikauza kuku nikaja na kopo nimponye mjukuu wangu. Mkwe wangu alinambia, mama, usimpe. Nikampa. Alikufa hapa." Akapiga mapaja yake. "Hapa, kwenye miguu hii. Nimezika watoto wawili, ninajua mtoto anavyokufa. Mungu akamrudisha kwa sindano moja. Huyu mwanamke hakubemenda mtu. Aliyemuua mtoto ni mimi, kwa mkono huu, kwa mapenzi. Sasa nani kati yenu anampenda mjukuu wangu kuliko mimi?"

Yule mama wa nyumba ya pili alikuwa analia kwenye pindo la kanga yake. Mwenyekiti alivua kofia, akaishika, akatazama chini.

"Basi," akasema mavyaa. "Atakayempa tena, aanze kunizika mimi."

Akakaa pale pale, sakafuni, mikono tupu magotini. Nilifungua kanga, nikamtoa mtoto mgongoni, nikampitisha juu ya vichwa vya watu mpaka mapajani mwake.